Kabla hujakodi seva kubwa, washa pg_stat_statements: uzoefu wangu

Jukwaa tunalosimamia nalo mashine pepe zetu za wingu huhifadhi kila kitu kwenye hifadhidata ya PostgreSQL: mashine ipi imewashwa lini, nani kaizima, diski imejaa kiasi gani. Kwa miezi kadhaa ukurasa wa matukio ulichukua sekunde arobaini kufunguka. Mtoa huduma akatushauri tukodi seva yenye kumbukumbu kubwa zaidi. Tukakodi. Tulipata nafuu wiki mbili, kisha mambo yakarudi palepale, na bili imeshapanda.

Hapo ndipo nilipowasha pg_stat_statements, kiendelezi kinachojumlisha muda unaotumiwa na kila kweri (ombi linalotumwa kwa hifadhidata). Kinakuja na PostgreSQL yenyewe na hakina malipo, ila sharti ukitaje kwenye mpangilio wa shared_preload_libraries kisha uwashe upya hifadhidata, kwa hiyo tafuta saa ambayo watu wamelala. Nilikiacha kikusanye siku nzima, halafu nikapanga orodha kwa total_exec_time (jumla ya muda wa utekelezaji; kwa matoleo ya kabla ya 13, safu hiyo inaitwa total_time).

Miaka yote nilikuwa nawinda kweri moja ndefu kwenye logi. Kumbe iliyokuwa ikitumaliza ni kweri ya nusu sekunde tu, ambayo kamwe isingenishtua. Ukurasa ule ulikuwa unaiita mara moja kwa kila mashine, na sisi tuna mashine themanini. Piga hesabu mwenyewe.

Nikaichukua nikaipitisha kwenye EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), amri inayoonyesha mpango ambao hifadhidata inaufuata kutekeleza kweri. Jibu likaja wazi: Seq Scan, na chini yake Rows Removed by Filter yenye tarakimu saba. Yaani kutafuta matukio ishirini ya mwisho ya mashine moja, hifadhidata ilikuwa inapekua jedwali zima tangu mstari wa kwanza. Jedwali halikuwa na faharasa (index) yoyote zaidi ya ile ya ufunguo mkuu. Nikatengeneza moja yenye namba ya mashine na wakati wa tukio, kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY ili wanaoandika wasizuiwe. Kweri ikashuka chini ya milisekunde moja. Niliirudia mara tatu kabla ya kuamini.

Tahadhari mbili, na naomba uzishike. EXPLAIN ANALYZE huitekeleza kweri kwelikweli. Ukiiweka mbele ya DELETE, data inafutika, kwa hiyo anza na BEGIN na umalize na ROLLBACK, inayotengua yote. Pili, CONCURRENTLY ikikatikia njiani huacha faharasa iliyoandikwa INVALID, ambayo haikusaidii kusoma na bado inaweza kukugharimu kila unapoandika. Ifute, uanze upya.

Kilichonisumbua kwenye pg_stat_statements ni kwamba huficha thamani halisi na kukuonyesha $1, $2. Ilibidi nishushe log_min_duration_statement (muda ambao kweri ikiufikia huandikwa kwenye logi) kwa saa moja ili nizinase. Tangu toleo la 16 kuna EXPLAIN (GENERIC_PLAN), ambayo hukuonyesha mpango bila thamani hizo, ingawa haikupimii muda halisi. Tena takwimu za kiendelezi ni jumla tangu zilipofutwa mara ya mwisho. Usipoita pg_stat_statements_reset() baada ya kurekebisha, ya jana na ya leo yanachanganyika.

Seva kubwa tumeirudisha. Waundaji wa jukwaa nimewaandikia kuwaomba waunganishe zile kweri themanini ziwe moja, na nimewaambatanishia mipango yote miwili, wa kabla na wa baada.