Samue kazini: miezi minane tangu niache shati na tai

Samue ni vazi la kazi la Kijapani, lakini mimi nilianzia pabaya, kwenye kimono, joho la Kijapani la mikono mipana. Niliinunua mtumba katika gulio la hekalu la Toji, hapa Kyoto, Japani, lile la kila tarehe 21 ya mwezi. Bei ya kutupa, pamba safi. Siku ya kwanza ofisini mkono wake ulinasa kwenye kitasa cha mlango, nikarudishwa nyuma kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Kufika saa nne, mkono ule ule ukazama kwenye chai. Na kwa baiskeli usijaribu kabisa.

Mama mmoja wa kitengo chetu, aliyevumilia kunitazama wiki nzima, ndiye aliyesema: vaa samue. Hilo ni vazi la watawa wa Zen, madhehebu ya Kibudha, wanapofagia na kupasua kuni: koti fupi la kufunga kwa vikamba, vya ndani na vya nje, na suruali pana iliyobanwa chini. Ukijua kufunga kamba za viatu, umeshajua. Kitu kimoja tu usikosee: upande wa kushoto ndio unaokaa juu. Mimi nilikosea asubuhi moja, yule mama akanisimamisha mlangoni mwa lifti akanifunga upya mwenyewe. Kulia juu ya kushoto huvalishwa maiti.

Kuinama, kupanda ngazi, kukaa mezani kwa muda wa saa nane, yote sawa. Bosi alikubali kwa sharti kwamba siku za wateja nivae suti, na namwelewa: mgeni mmoja alishaniuliza mgahawa wangu wa soba, zile tambi za Kijapani, uko mtaa gani.

Lawama yangu ni rangi. Samue yangu imetiwa nili halisi, na muuzaji hakunitajia kwamba nili mpya huhama. Fulana zangu nyeupe zimekuwa za buluu, na kiti changu cha ofisini, cha kitambaa cheupe, kina alama ya makalio hadi leo. Nimekifunika kwa mto. Ifue peke yake, maji baridi, uanike kivulini.

Sasa ni Julai, na jasho la Kyoto halina tofauti na la Dar mwezi wa pili. Pamba nzito imegeuka blanketi, kwa hiyo nimeagiza ya kitani. Warefu wenzangu, chukueni saizi kubwa kuliko zote, na hata hiyo suruali itawaishia juu ya kifundo cha mguu.