Simu ya 3D isiyotaka miwani: walinibadilishia kioo, kisha wakaniambia macho yangu ndiyo mabovu

Betri, memori na ukubwa wa kamera sitavigusa hapa. Vimeandikwa kwenye boksi, anayevitaka atavisoma mwenyewe. Nina jambo moja tu, na nimelikalia muda mrefu kwa sababu kila nikianza kuliandika mikono inatetemeka.

Nilipeleka simu kubadilishwa kioo. Ikarudi na kioo kizuri, safi, hakina hata mkwaruzo, ila 3D, yaani picha zinazoonekana kama zimetoka nje ya kioo, imepinduka: cha mbele kiko nyuma na cha nyuma kiko mbele. Niliporudi kulalamika, kijana wa kaunta aliniambia mbele ya watu waliopanga foleni: "Dada, simu haina shida. Macho yako ndiyo mabovu. Nenda kapime."

Nilikwenda kupima. Macho yangu ni mazima, yote mawili.

Ngoja nianze na jinsi nilivyoipenda simu hii, la sivyo hamtaelewa hasira hii inatoka wapi. Ni simu ya bei ya chini, na niliponunua sikutegemea kitu. Nilidhani hiyo 3D itakuwa kama zile kadi za mistari unazozipindapinda picha ikabadilika, za kuwafurahisha watoto kwa dakika tano. Picha ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya tawi la mti dirishani. Nilipoiwasha kwa 3D, majani yalitoka. Sikuvaa miwani wala sikubana macho, lakini majani yalisimama hewani mbele ya kioo, moja limelifunika jingine, na katikati yake kuna nafasi unayoweza kupitisha kidole. Nilipitisha kidole kweli. Nilikuwa peke yangu chumbani, nikacheka kwa sauti.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi, na lazima niieleze kwa sababu ugomvi wote umo humo. Jicho la kushoto na la kulia yametengana kama sentimita 6.5, kwa hiyo kila moja linaona dunia kutoka mahali pake, na ubongo unaziunganisha hizo picha mbili ndipo unapata kina. Simu inapiga picha mbili kwa kamera mbili, inazikata vipande vyembamba vya wima na kuvipanga kwa zamu: safu ya kushoto, safu ya kulia, kushoto, kulia. Juu yake kuna pazia la mistari myembamba mno. Pazia hilo linaliziba jicho la kushoto lisione safu za kulia, na la kulia lisione za kushoto. Basi. Uchawi wote ndio huo.

Una gharama zake, na nilizikubali bila kinyongo. Ukiwasha 3D mwanga unapungua sana, kwa sababu pazia linameza karibu nusu yake. Ukali wa picha unashuka, maana kila jicho linabaki na nusu ya safu. Simu ni lazima uilaze. Ukiisimamisha kina kinapotea. Na kichwa kitulie mahali pake. Niliyazoea yote kwa siku mbili tatu.

Halafu kuna video ya mama.

Mama alikuwa anashona karibu na dirisha. Nilikuwa nachezea simu mpya, nikamwambia, "Mama, tazama huku." Hakutazama kamera, alinitazama mimi. Akanyoosha mkono wenye sindano na uzi, akasema, "Nitungie uzi huu, macho yangu yamechoka." Video ni ya sekunde chache. Nilipoitazama kwa 3D, ule mkono ulitoka nje ya simu mpaka karibu na kifua changu, sindano ikimeta. Alipousogeza zaidi vidole viligawanyika vikawa viwili viwili, kwa sababu vilikuwa karibu mno na kamera, lakini hilo halikunisumbua hata kidogo. Mkono wa mama ulikuwa unanijia.

Mama hayupo tena. Alitutoka miezi michache baada ya hapo. Sasa mnajua kwa nini siandiki tathmini ya kawaida.

Simu ilianguka kioo kikapasuka. Kuanguka ni kosa langu, silipeleki kwa mtu. Sikwenda kwa fundi wa pembeni, nilikwenda huduma yao wenyewe, wenye simu yao, kwa kuogopa hasa kwamba mtu asiyejua 3D angeniharibia. Walikaa nayo wiki kadhaa. Nikalipa, nikapokea, nikaijaribu palepale kwa kupiga simu na kufungua ujumbe. Vyote sawa. Video ya mama nilingoja niifungue nyumbani nikiwa nimetulia.

Mkono ulikuwa umeingia ndani.

Sijui nilieleze vipi kwa mtu ambaye hajaona. Ukuta uliokuwa nyuma ya mama umekuja mbele, na mama yuko ndani ya tundu lenye umbo lake. Anaponyoosha mkono, unakwenda mbali na mimi. Dirisha limesimama mbele ya kiti. Kichwa kilianza kuniuma kabla video haijaisha. Nilizima, nikawasha, nikafuta kioo kwa kitambaa, nikaizima simu nzima na kuiwasha upya. Bado.

Nikafanya majaribio. Nilihamishia video kwenye kompyuta, nikaona picha mbili zimekaa bega kwa bega kwa mpangilio uleule wa zamani, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia. Kwa hiyo video ni nzima. Nikatengeneza picha ya 3D ya rangi tupu, upande wa jicho la kushoto nyekundu, upande wa jicho la kulia bluu. Nikaishika simu katikati kabisa ya uso, nikafumba jicho la kulia. Nilitakiwa nione nyekundu. Nikaona bluu. Nikafumba la kushoto, nikaona nyekundu. Hapo hakuna mjadala tena: kila jicho linapewa picha ya mwenzake.

Na sababu yake haihitaji shahada. Pazia na safu za pikseli, vile vidoti vya mwanga vinavyounda picha, lazima vikae vimelingana. Vikipishana kwa upana wa safu moja tu, na safu moja haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, picha za kushoto na kulia zinabadilishana. Ama kioo kipya kimefungwa kikiwa kimepishana na pazia, ama programu haijaambiwa kwamba kwenye kioo hiki safu ya kwanza ni ya jicho lipi. Vyovyote iwavyo, ni kazi ya aliyekifunga kujaribu kabla ya kukabidhi. Jaribio lenyewe halichukui hata nusu dakika.

Basi nikarudi kwao. Nikamweleza kijana taratibu, kwa heshima kabisa. Akachukua simu, akafungua picha ya kwanza aliyoikuta, uso wa mama, akaitazama kufumba na kufumbua, akasema, "Mimi naona sawa." Nikamwambia, kaka yangu, usitumie uso, fungua ile ya tawi, au hii ya rangi mbili, ufumbe jicho moja. Hakufungua. Akaisukuma simu kwenye kaunta kuelekea kwangu kwa vidole viwili, kama mtu anayesogeza sahani ya mwenziwe aliyekwisha kula, na hapo ndipo akayasema yale maneno ya macho mabovu. Kuna mtu nyuma yangu alicheka. Kijana akaona amepata wasikilizaji, akaongeza, "3D inataka mtu atulie. Sogeza kichwa."

Nimekuwa nikimtetea kijana huyu kichwani mwangu, nataka mlijue hilo. Uso una jambo lake la ajabu. Ubongo umezoea pua ya mtu kutokeza, hata ukionyeshwa upande wa ndani wa barakoa bado utauona umetokeza. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kwa ile picha hakuona kasoro yoyote, alisema alichokiona. Tena kuna watu wasioona kina cha 3D kabisa, wenye makengeza au jicho moja lililokuwa dhaifu tangu utotoni, na wengine hawajui kwamba hawaoni. Huenda naye ni mmoja wao, na hilo si kosa lake. Mara mbili nimefuta andiko hili kwa sababu ya wazo hilo.

Lakini kama hujui, unauliza. Unamwita mwenzako. Unafumba jicho moja uliloombwa ulifumbe! Humwambii mtu macho yake mabovu mbele ya watu, tena mtu aliyekuonyesha sura ya marehemu mama yake, na nilimwambia kuwa ni marehemu.

Lile la kusogeza kichwa ndilo linaloniunguza zaidi, kwa sababu lina ukweli ndani yake na yeye hakuujua. Maeneo ya kutazamia kwenye pazia la namna hii yanajirudia kwa zamu. Ukihama upande kwa umbali wa jicho moja hadi jingine, sentimita zile 6.5, picha zilizopinduka zinageuka na kukaa sawa. Niligundua nyumbani, kwa bahati, simu ikiwa imeegemea mto. Nikiisogeza kushoto nikaitazama kwa pembeni, mkono wa mama unatoka. Nafasi yenyewe ni nyembamba sana, ukipumua kwa nguvu inapotea. Lakini upo. Sasa aliyeunda simu hii hakukusudia mtu aitazame kwa pembeni kama anayechungulia mlangoni. Kioo kingefungwa sawasawa ningekaa mbele yake kama zamani.

Nilipowasimulia watu, wapo walioniambia nivumilie, eti teknolojia bado changa. Changa kwa hesabu gani? Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alishaonyesha mwaka 1838 kwamba picha mbili zinazopishana kidogo, kila moja kwa jicho lake, zinatoa kina. Mvumbuzi Mmarekani Frederic Ives alikuwa na pazia la mistari mwanzoni mwa karne ya 20. Sharp waliuza Japani simu yenye kioo cha 3D kisichohitaji miwani mwaka 2002. Mwaka 2011 ilitoka Nintendo 3DS, mashine ya michezo ya mkononi, na mwaka huohuo zikatoka simu za LG Optimus 3D na HTC EVO 3D. Mwaka 2014 Nintendo walitoa nyingine inayofuatilia macho ya mtazamaji kwa kamera ili kina kisipotee akisogea. Kilicho kipya kwenye simu yangu ni bei. Kufunga kioo na kukijaribu hakujawahi kuwa sayansi ya kesho.

Mnaniuliza kama mnunue. Nilipoanza kuandika jibu lilikuwa hapana, na nilitaka kuliandika kwa herufi kubwa. Ila jana usiku niliitazama tena video, kwa pembeni, na kwa sekunde zile nilimwona mama akiwa na uzito, akiwa na nafasi kati yake na ukuta. Nina picha zake nyingi na hakuna hata moja inayonipa hicho. Hakuna simu nyingine niliyowahi kuishika iliyonipa hicho. Kwa hiyo siwezi kusema simu ni mbaya, nitakuwa nadanganya. Kama una mtu unayempenda na simu hii iko mikononi mwako, mpige video leo, akiwa hatua mbili tatu kutoka kwako, mwambie anyooshe mkono. Ivalishe kava nene. Usiiache ukingoni mwa meza.

Hapana, nageuza tena. Msinunue. Simu ambayo ikianguka mara moja tu inakurudisha kwa watu wale si ya kununua, hata iwe nzuri vipi. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama kitu pekee nilichobakiwa nacho cha mama kingekuwa humo, nami sijui habari ya kutazama pembeni. Ningeamini macho yangu yameharibika. Nilikwenda kupima, kumbukeni. Nilikaa mbele ya zile herufi nikiogopa kweli.

Wiki hii nakwenda tena. Sitaongea mengi. Nitaweka simu kaunta ikiwa imelala, picha ya nyekundu na bluu imewashwa, na nitamsubiri kijana yuleyule hata foleni ikiwa ndefu. Nitamwomba afumbe jicho la kulia, aniambie anaona rangi gani.