Kabro, Milango na Mabati ya Mtumba: Nunua Kipi Kwanza

Tangu masika yaanze, simu yangu imejaa malalamiko ya mabati yaliyotumika yanayovuja. Wote waliolalamika waliuliza bei, wakauliza geji (namba ya unene wa bati), wakapima urefu. Matundu ya misumari hakuna aliyeyatazama.

Bei mtapatana wenyewe. Geji pia, ila mjue 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni nyembamba zaidi; wauzaji wanampenda sana mteja anayedhani namba kubwa ndiyo bati gumu. Mimi leo ni matundu tu, na kwayo navipanga vifaa vya ujenzi vya mtumba na vya taka.

Ninachokiweka mbele ni kabro, yaani matofali ya kutandaza chini, za kampuni ya Gjenge, na upendeleo wangu siufichi. Nzambi Matee na wenzake jijini Nairobi huchanganya taka za plastiki na mchanga, wakapasha moto na kushindilia kwa mashine. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtuza kwa kazi hiyo. Ni taka, lakini kabro inakufikia mpya, haijawahi kuonja msumari. Uliza tu unene: pa kupita watu si pa kuegesha lori.

Inafuata milango ya mvule kutoka nyumba zinazobomolewa. Mbao imeshakauka, na mchwa hawaipendi. Lakini kagua penye bawaba. Tundu la skrubu likilegea, mlango utashuka na kukwaruza sakafu. Fundi anayejua kazi huliziba kwa kijiti cha mbao na gundi, ndipo anatoboa upya. Gharama hiyo itoe kwenye bei.

Mabati sasa. Msumari ukichomolewa kwa nyundo hurarua kingo za tundu. Kwenye paa jipya mbao hazikai pale zilipokaa za zamani, kwa hiyo tundu la kwanza linabaki wazi na fundi anaongeza jingine. Muuzaji huziba kwa lami, akapaka rangi nyekundu juu, bati likapendeza. Mwambie aliinue juani, wewe usimame upande wa kivuli: tundu litamulika. Penye uvimbe wa rangi, kwaruza kwa ufunguo. Angalia na ncha, maana pale mabati yalipolaliana maji hutuama na kutu hula. Ukizikata, futi kumi ulizolipia si kumi tena. Kwa banda la kuku, sawa. Juu ya kitanda chako, hapana.

Nondo zilizonyooshwa usizitie kwenye nguzo wala lenta. Vifusi ni vya kujazia.

Kinachonikera ni bei. Bati la mtumba linakaribia bei ya jipya la geji 32, eti "ya zamani ni mazito, mama." Ni mazito kweli, pamoja na lami yake. Ukiomba liinuliwe juani, unaambiwa utalikunja. Muuzaji mmoja alinijibu kwamba kama napenda kuhesabu matundu, nikanunue chujio. Nikamwachia bati lake, na mteja aliyekuwa nyuma yangu akalilipia bila kuligusa.