Kuandika ukoo kwa Gramps: uhakiki kwa familia za Rungwe, Njombe na Iringa

Familia nyingi zikiamua kuandika historia ya babu na bibi waliozaa ukoo mzima, kazi huanzia kwenye counter book na kuishia kwenye faili la Excel ambalo analielewa mtu mmoja tu. Excel inatosha kwa orodha ya michango ya msiba. Kwa ukoo hushindwa mapema: babu akiwa na wake wawili, mmoja wao akarithiwa na shemeji yake baada ya kufiwa, na wajukuu sita wakapewa jina la babu yule yule, safu na mistari hazitoshi tena.

Gramps imetengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Ni programu huria ya bure, ipo tangu 2001, inaendeshwa kwenye Windows, Linux na Mac, na ikishasakinishwa haidai intaneti. Kwa Windows, chukua faili lenye herufi AIO kwenye jina lake. Limebeba kila kitu kinachohitajika. Lipakue mara moja mjini, libebe kwa flashi, na utaandika ukiwa Matamba au Isongole bila bando. Upungufu wake mkubwa kwetu ni kwamba si programu ya simu. Ndugu watatuma majina na picha kwenye kundi la WhatsApp, lakini lazima awepo mtu mwenye laptop wa kuyaingiza, na jiandae kusoma menyu za Kiingereza.

Msingi wake unatufaa. Gramps haimweki mtu chini ya baba yake moja kwa moja. Inaweka kwanza "familia", yaani mume, mke na watoto wao. Babu mwenye wake watatu anakuwa na familia tatu, kila moja na watoto wake, na yeye ni mtu mmoja yule yule. Mjane aliyerithiwa anafunguliwa familia ya pili na mrithi. Aina ya uhusiano huchaguliwa: wameoana, hawajaoana, haijulikani, au unaandika aina yako mwenyewe. Mtoto naye ana uhusiano wake na kila mzazi: wa kuzaa, wa kulea, wa kambo. Hili usiliruke. Mjukuu aliyelelewa na bibi tangu akiwa mchanga huishia kuandikwa kama mtoto wa bibi, na ubishi utazuka siku ya kugawana shamba la kahawa.

Majina ndiyo yanayovuruga zaidi. Kwa Wanyakyusa, jina la ukoo kama Mwakyusa au Mwaipopo hubebwa na wengi, na majina kama Lusajo, Lugano na Atupele hujirudia kizazi hadi kizazi. Shuleni mambo huzidi: mtoto mmoja anaandikishwa kwa jina la ukoo, mdogo wake kwa jina la kwanza la baba, na ndugu wa tumbo moja wanamaliza darasa la saba wakiwa na majina ya mwisho tofauti. Amua kanuni moja kabla ya kuingiza mtu wa kwanza: sehemu ya jina la ukoo ijazwe jina la ukoo peke yake, la cheti cha shule liingie kama jina mbadala, la ubatizo vilevile. Kuna nafasi ya jina la utani pia. Huko weka "Mama Tumpe" au jina ambalo kijiji kizima kinalijua. Kuna kifaa cha kutafuta watu walioingizwa mara mbili, ila kwenye ukoo unaorudia majina kitakuletea orodha ndefu ya watu ambao ni tofauti kabisa. Usiunganishe yeyote kabla ya kulinganisha mama zao.

Sasa tarehe. Hapa ndipo Gramps inapostahili sifa kuliko programu zinazolazimisha siku, mwezi na mwaka. Unaweza kuandika "abt 1930" kwa maana ya karibu na mwaka huo, "bef 1961" kwa kabla yake, "aft 1945" kwa baada yake, au "between 1939 and 1945", kisha ukaweka alama kwamba ni makadirio. Programu inazielewa na kuzipanga kwa mfuatano. Tarehe ya kitambulisho cha mzee isikudanganye kwa kuwa imechapwa vizuri; mara nyingi mtu wa dawatini aliikadiria kama wewe unavyokadiria.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoleta tarehe nzuri. Bibi wa miaka themanini na zaidi hupati chochote kwa "ulizaliwa mwaka gani". Muulize hivi: "Bibi, tulipohamishiwa kijijini, ulikuwa umeshaolewa? Mtoto gani ulikuwa umembeba mgongoni?" Operesheni Vijiji ilikuwa 1973 hadi 1976, kwa hiyo jibu moja linakupa umri wa watoto wawili watatu. Tengeneza ngazi ya matukio ya eneo lako. Iringa utakuwa na kurudishwa kwa fuvu la Mkwawa mwaka 1954 na kuuawa kwa Dk. Klerruu, mkuu wa mkoa, kule Isimani, Krismasi ya 1971. Kotekote kuna kurudi kwa askari wa Keya (jeshi la kikoloni la Waingereza, KAR) baada ya 1945, uhuru wa 1961, ujenzi wa reli ya TAZARA mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vita ya Idi Amini 1978 na 1979. Kwa kizazi cha juu kabisa kuna Maji Maji ya 1905 hadi 1907 na homa kubwa ya 1918.

Kisha kagua nafasi kati ya mtoto na mtoto. Wazazi wa vijijini wa kizazi kile walipishanisha miaka miwili au mitatu. Ukikuta pengo la miaka mitano au sita, kuna jambo: mtoto aliyekufa akiwa mchanga na hatajwi, ndoa iliyovunjika ikarudi, au baba aliyekuwa mbali. Wanaume wengi wa Rungwe na Kyela waliandikishwa na Wenela, shirika la kuajiri vibarua wa migodini, kwenda migodi ya Afrika Kusini kabla ya uhuru, na wengine walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, Chunya. Uliza kwa upole, tena si mbele ya wakwe. Mtoto aliyefariki mchanga aingizwe hata kama jina halikumbukwi. Ukimwacha, hesabu ya uzao wa bibi inakuwa ya uongo na pengo linabaki bila maelezo. Ukimaliza kuingiza, endesha "Verify the Data". Itakuonyesha mama aliyezaa akiwa na miaka tisa, au mtoto aliyezaliwa baada ya mama kufariki. Mara nyingi chanzo ni kumweka mtoto kwa mke asiye wake.

Mahali napo pana mtego. Gramps hupanga kijiji ndani ya kata, kata ndani ya wilaya, wilaya ndani ya mkoa, na kila ngazi inaweza kuwekewa muda. Itumie. Mtu aliyezaliwa Makambako mwaka 1980 alizaliwa mkoa wa Iringa, kwa sababu Njombe ilifanywa mkoa mwaka 2012. Aliyezaliwa Vwawa kabla ya 2016 alizaliwa mkoa wa Mbeya, si Songwe. Na kabla ya Operesheni Vijiji, wazee waliishi vitongoji ambavyo leo ni mashamba au msitu wa mipaina. Andika jina la zamani kama mahali pa kujitegemea. Ndiko makaburi yaliko.

Ushahidi una sehemu yake, na kila rejeo la chanzo unaweza kulipatia kiwango cha kuaminika, kuanzia cha chini sana hadi cha juu sana. Kwa ukoo wa wakulima, hazina kubwa ni vitabu vya makanisa. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, Walutheri walijenga misheni Unyakyusa na Ubena, na misheni ya Tosamaganga karibu na Iringa ni ya enzi za Wajerumani. Katika daftari la ubatizo la Kikatoliki, pembeni mwa jina huongezwa baadaye kipaimara na ndoa, kwa hiyo ukipata ubatizo wa bibi unaweza kujua parokia alikoolewa bila kuzunguka parokia zote. Nenda na barua ya familia, omba ofisini mapema, na nakili jina kama lilivyoandikwa, hata kama ni Josephus. Usilisahihishe kwenye chanzo.

Mambo matatu ndiyo yanayoharibu kazi ya watu. La kwanza ni picha. Gramps haimezi picha. Inakumbuka njia ya folda tu. Ukihamisha folda au kubadilisha laptop, picha zote zinageuka alama tupu. Weka folda moja tangu mwanzo, na ukihamisha kazi tumia faili la .gpkg, linalobeba mti na picha pamoja. La pili ni kufanya kazi watu wawili kwenye nakala mbili. Ukiingiza nakala ya shangazi kwenye mti wako, kwa kawaida babu anakuwa wawili na watoto wote wanarudufika. Bora mwandishi awe mmoja na wengine walete taarifa. Ipo Gramps Web kwa wanaotaka kuandika pamoja kupitia mtandao, ila inahitaji seva na mtu wa kuitunza, na familia nyingi hazina. La tatu ni toleo. Mti ukishafunguliwa kwa toleo jipya na kubadilishwa muundo, toleo la zamani haliufungui. Chukua nakala rudufu kabla, si baada.

Faragha yake ni nzuri kwa anayeikumbuka. Kila taarifa ina kufuli. Ukilifunga, unaweza kuiacha nje wakati wa kutoa nakala. Unaweza pia kuwaondoa wote walio hai. Mambo ya mtoto wa nje, talaka au chanzo cha kifo yafungiwe siku ile ile yanapoingizwa, maana PDF ikishatua kwenye kundi la ukoo hairudi.

Kwa kuchapa, ripoti inayofaa ni "Detailed Descendant Report", ukichagua namba za d'Aboville: 1.3.2 ni mtoto wa pili wa mtoto wa tatu wa wale wawili wa juu. Mzee asiyependa michoro ataifuata kwa kidole. Toa kwa ODT (faili la maandishi linaloharirika), si PDF, ufungue kwenye LibreOffice na kubadili sentensi za Kiingereza ziwe Kiswahili kabla ya kupeleka steshenari. Hiyo ni kazi ya kuchosha, na kwa watu mia mbili itakula siku kadhaa. Mchoro wa mti usichapwe kwenye A4. Ukizidi vizazi vitatu maandishi hayasomeki. Peleka PDF kwa wachapaji wa mabango ya harusi, na kabla ya kulipa, waombe wachape kipande kidogo uone kama majina ya vitukuu yanasomeka ukisimama hatua mbili.