Waya, skrubu au bamba: vyuma vya pia ya goti tukivipima kwa sijida

Goti la mtu wa Mombasa halipumziki. Rakaa 17 za faradhi ni sijida 34 kwa siku, mbali na kukaa mkekani na kupanda ngazi za nyumba za Mji wa Kale. Kwa hiyo aliyeanguka na bodaboda akavunja pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, asiulize tu kama mfupa utaunga. Aulize tena chuma cha kushikia vipande kitakaa wapi, maana mbele ya goti pana ngozi tu, hapana nyama.

Si kila mvunjiko unataka kisu. Vipande visipoachana zaidi ya milimita 3, gegedu (utelezi unaofunika upande wa ndani wa pia) isipokuwa na ngazi, yaani kipande kimoja kuwa juu ya kingine, ya kuzidi milimita 2, na mgonjwa akiweza kuinua mguu ulionyooka, plasta ya wiki 4 hadi 6 hutosha. Anayeshindwa kwa maumivu hunyonywa damu gotini, akatiwa ganzi, kisha akapimwa tena.

Kongwe kati ya njia zinazotumika sana ni waya wa kukaza. Pini mbili za milimita 1.6 hadi 2 hupitishwa sambamba kutoka juu hadi chini, kisha waya wa milimita 1 hadi 1.25 huzungushwa mbele kwa umbo la nambari nane. Goti likikunjwa, waya huzuia vipande visifunuke mbele, na ule mvuto wa msuli wa paja hugeuka mbano upande wa gegedu. Kwa pia iliyokatika vipande viwili kwa upana, kazi hii ni imara na vifaa vyake ni rahisi. Huharibika pale waya unapopitishwa juu ya kano badala ya kulazwa nyuma ya pini huku ukigusa mfupa: goti likianza kukunjwa waya hukata nyama, hulegea, na ufa hufunguka. Ncha za juu za pini zisipokunjwa na kugongwa ndani ya mfupa, pini husogea na kuchoma ngozi. Kwa sijida hapa ndipo njia hii inaposhindwa; wengi hurudi kutolewa vyuma.

Skrubu zenye tundu, za milimita 4, ndizo tunazozipendelea kwa vipande vikubwa na mfupa mgumu. Waya hupita ndani ya skrubu, hivyo hakuna ncha za kuchomoza. Lakini skrubu iwe fupi kidogo kuliko kipimo. Ncha yake ikitokeza nje ya mfupa, ukingo wake hukwaruza waya hadi ukakatika. Kwa mzee mwenye mfupa laini skrubu hushika vibaya.

Bamba jembamba lenye skrubu ndogo ni ghali, na gharama hiyo ina maana pale pia ya goti inapokuwa imesagika vipande vingi. Kwa mvunjiko wa vipande viwili, hatuoni sababu ya kulilipia. Ikisagika ncha ya chini ya pia peke yake, vipande hutolewa na kano hushonwa kwa uzi mnene usioyeyuka kupitia matundu matatu mfupani. Kuondoa pia nzima kuwe la mwisho kabisa, kwani nguvu ya kunyoosha goti hupungua.

Njia yoyote ile, daktari atie kidole kupitia mpasuko wa utando ulio pembeni mwa pia apapase gegedu kabla ya kufunga, kwa kuwa eksirei ya pembeni huficha ngazi ndogo. Kisha utando huo wa pembeni ushonwe. Ukiachwa, goti halinyooki kwa nguvu hata vyuma vikiwa safi.

Baadaye mgonjwa hutembea goti likiwa limenyooshwa ndani ya gango, kifaa cha kushikilia mguu. Kama vyuma vimeshika vyema, kukunja huanza karibu wiki ya 2, polepole hadi digrii 90 kufikia wiki ya 6. Kupiga goti kungoje eksirei ionyeshe mfupa umeunga, kwa kawaida miezi 3 hivi, na mpaka hapo mtu aswali kitini. Chuma kikiendelea kuchoma baada ya hapo hutolewa. Kukitoa kabla mfupa haujaunga ni kuuvunja upya.