Fremu za kupimia mwani kutoka duka la mabomba, Ngamiani

Kwa misimu miwili nimepima mwani kwenye miamba ya kina kifupi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, nikitumia fremu mbili za mraba nilizotengenezewa na duka moja la vifaa vya mabomba la Ngamiani kwa shilingi 15,000 kila moja. Naandika kwa ajili ya wanafunzi na vikundi vya ulinzi wa pwani wanaotafuta kifaa cha namna hii bila kuagiza ng'ambo.

Fremu ni ya mabomba ya plastiki ya nusu inchi, yenye nusu mita kila upande kwa ndani, nayo imefumwa kwa mshipi wa kuvulia, mistari minne kwa minne, hata vikapatikana vyumba 25. Kila chumba ni asilimia 4 ya eneo, kwa hiyo mpimaji anahesabu vyumba badala ya kukisia. Faida hiyo si ndogo. Ukitazama mwamba kwa macho tu, Sargassum, yaani mwani mrefu wa kahawia, iliyosimama ikiyumba na maji hukujaa machoni kupita kiasi chake, ilhali mwani mgumu wa rangi ya waridi, uliolala juu ya jiwe kama chokaa, unaupita bila kuuona. Na huo ndio ambao matumbawe machanga hupenda kushika juu yake. Vilevile ule mwani mfupi wa nyuzinyuzi, unaonasa mchanga na kuwanyima matumbawe hao nafasi, huonekana kama uchafu mpaka uutazame chumba kwa chumba. Pale tasi, pono na kangaja walipovuliwa sana, mwani hukosa wa kuula ukaenea, na bila hesabu za msimu uleule, mahali palepale, mabadiliko hayo hayathibitiki.

Kasoro zipo, na ya kwanza ilinipotezea siku nzima ya bamvua, maji yanapokupwa sana. Fremu ya kwanza iligundishwa viungo vyote, hewa ikabaki ndani, ikawa inaelea kama boya. Niliirudisha, fundi akatoboa matundu kila upande ili maji yaingie, na ya pili akaitoboa tangu mwanzo bila kukumbushwa, jambo lililonifurahisha sana. Hata hivyo bado ni nyepesi mkondo unapovuta, hivyo nimefunga chubwi, vile vizito vya mshipi, kwenye pembe zote nne, nami huilaza taratibu kwa mikono miwili, kwa sababu ikidondoshwa itavunja matumbawe tunayokwenda kuyalinda.

Kasoro ya pili ni mshipi, ambao hulegea baada ya safari kadhaa, vyumba vikapinda na hesabu ikapotea. Ni lazima kuupima kwa rula kabla ya kupanda mashua na kuukaza upya. Ya tatu ni weupe wa mabomba. Jua likiwa utosini, fremu hung'aa mno katika picha hata mwani wa jirani yake ukafifia, kwa hiyo napiga picha asubuhi tu.

Pamoja na hayo, kwa bei hiyo na kwa fundi anayekubali kusahihishwa, naipendekeza kwa moyo wote. Fremu ya tatu nimeshaiagiza, ya mabomba ya kijivu, na mshipi upitishwe kwenye matundu ya bomba lenyewe badala ya kuzungushwa juu yake.