"Hii ni singo tu, mzee": gia zangu tatu na fundi wa Busia

Bado nina hasira, nivumilieni.

Baiskeli yangu ni mtumba wa Uingereza. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya kampuni ya Sturmey-Archer, imegongwa herufi AW na nambari 62, maana yake ilitoka Nottingham mwaka 1962. Imenizidi umri. Gia zake tatu zimo tumboni mwa habu: magurudumu madogo ya meno yanalizunguka la katikati ambalo halisogei. Nje huoni kitu, ila kicheni chembamba kinachochungulia kwenye ekseli.

Majuzi, njia ya Tororo, kati ya gia ya pili na ya tatu pedeli zikazunguka bure, nusura nipige kifua kwenye usukani. Nikampelekea fundi mmoja hapa Busia. Akaligeuza gurudumu, akacheka mpaka wenzake wakakusanyika. "Mzee, gia ziko wapi? Hii ni singo tu, gia moja. Wamekuuzia uongo!"

Mimi! Ninayepandisha gunia la mihogo kwa gia ya kwanza huku vijana wakisukuma zao kwa mkono!

Nilienda kunywa chai. Kurudi, amefungua habu na kuishindilia girisi ya lori, "ili inyamaze". Ilinyamaza kweli. Mle ndani kuna vijino vinavyoinuliwa na springi laini kama unywele. Girisi nzito ikivinasa, haviinuki, na ukikanyaga hakuna kinachoshika. Elfu kumi na tano zangu, na nyumbani nikarudi kwa miguu.

Jirani yangu, mzee aliyezeeka na spana, aliiosha kwa mafuta ya taa, akatia oili nyepesi. Akaweka gia ya pili, akachungulia kidirisha cha nati, akakaza waya wa gia kwa vidole mpaka kijiti cha ndani kikalingana na ncha ya ekseli. Basi. Waya ulikuwa umelegea tu!

"Mwanangu, oili uliitia lini?"

Nikatazama pembeni. Tangu niinunue, sijawahi hata tone.

Nilikusudia kuwaambia msinunue habu hizi, hapa kwetu hazina fundi wala vipuri. Na bado nasema hivyo. Lakini yangu siuzi, hata mniwekee pikipiki mezani.

Jana nilipita kibandani kwa yule fundi kwa gia ya tatu, nikapiga kengele mara mbili. Hakuinua kichwa.